Mbuzi wananyonyoka manyoya tangu waanze kushiba lusina: niing'oe?

Zizi la Mpakani aliuliza:

Habari za kazi, wafugaji wenzangu. Naomba msaada wenu, na naomba anayejibu awe amewahi kulisha mti huu kwa mikono yake, maana ushauri wa kusikia nimeshapewa wa kutosha.

Nina mbuzi kumi na mmoja: majike wanane, beberu mmoja na vitoto viwili. Miaka miwili iliyopita nilipanda lusina kuzunguka zizi, na mstari mmoja mrefu mpakani. Ilisumbua kuota, ila ilipokamata ardhi haikugeuka nyuma. Mwaka jana nilikuwa nakata matawi machache tu na kuyaweka juu ya nyasi kama kitoweo. Mbuzi waliipenda hadi wakisikia panga likigonga tawi wanaanza kulia. Maziwa yaliongezeka, vitoto vikanenepa, nikajua nimepata mti wa maisha.

Mwaka huu nyasi zilianza kupungua mapema, kwa hiyo kwa miezi mitatu nimekuwa nikiongeza lusina kila zilipopungua. Wiki tatu na nusu za mwisho hapakuwa na kingine cha kijani. Asubuhi lusina, jioni lusina. Siku ya kumi na mbili au kumi na tatu hivi nikakuta singa za mkia wa jike mkubwa zimenasa kwenye ubao wa hori. Nikadhani amejikuna. Baada ya siku tatu nikamshika shingo nimfunge, nikaondoka na manyoya yamejaa kiganjani. Ngozi chini yake ni safi kabisa, laini, haina kidonda wala magamba. Sasa wako watano. Wanatokwa udenda, wanakuja horini wanasimama tu, na yule jike mkubwa amekonda hadi mbavu zinahesabika.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Jike mmoja alizaa wiki iliyopita. Kitoto ni kidogo kuliko vyote nilivyowahi kupata, kina uvimbe pande mbili za koo, ukiugusa ni laini, na kinanyonya kwa shida.

Aliyekuja kuwatazama alisema ni utitiri. Nimewaogesha dawa mara mbili na hakuna kilichobadilika. Jirani yangu anasema lusina ni sumu, niing'oe yote kabla sijafilisika. Panga ninalo mkononi. Niing'oe?

Kwato Nne alijibu:

Ing'oe, ndugu yangu. Mimi nilikuwa na punda wawili wa kubeba maji. Niliwafunga karibu na ua wa lusina, wakawa wanajilia kutwa nzima. Ndani ya mwezi mmoja singa za shingoni na mkiani zilikwisha, kisha kwato zikaanza kufanya mikunjo, mmoja akawa anachechemea. Niliondoa ua wote na sijapanda tena. Mti unaomfanya mnyama apoteze kwato si chakula.

Mkata Majani alijibu:

Zizi la Mpakani, usiing'oe. Weka panga chini kwa wiki mbili na unisome taratibu. Kwato Nne, pole sana kwa punda wako. Nitarudi kwako, maana ulichokiona ni kweli, ila punda si mbuzi.

Nimekata lusina kwa miaka kumi na tisa. Kondoo wangu wa kwanza, wote saba, walinyonyoka hivyohivyo, wakabaki na ngozi tupu kuanzia mabegani hadi kiunoni. Nami niliambiwa utitiri, nami niliogesha. Kwa hiyo ninayokuandikia nimeyalipia.

Anza na hili: kuanzia leo jioni usiwape hata jani moja la lusina. Wape nyasi kavu, mabua, chochote chenye nyuzi ambacho wamekizoea, hata kama hakina rutuba. Maji mengi, na jiwe la chumvi. Usiwaogeshe tena, dawa ya kupe na utitiri haina kazi hapo, na mnyama aliyekonda haihitaji ngozini. Kitoto kiweke pakavu penye joto, kwa sababu kitoto chenye tatizo la tezi hushindwa kujipasha joto, na baridi ya usiku mmoja inaweza kukimaliza. Kama kinashindwa kunyonya, mkamue mama yake na ukinyweshe kidogokidogo mara nyingi. Na mwite daktari wa mifugo akione, umweleze wazi kwamba mama alikula lusina miezi yote ya mwisho ya mimba. Hilo usimwache alibahatishe.

Sasa sababu. Ndani ya majani ya lusina kuna kitu kinaitwa mimosini. Ni asidi amino, lakini si miongoni mwa zile ambazo mwili huzitumia kujenga protini. Kazi yake mbaya ni kuzuia chembehai zisigawanyike. Na shina la unywele ni mahali ambapo chembehai hugawanyika kwa kasi bila kupumzika. Ndiyo maana manyoya hutangulia kuanguka, na ndiyo maana ngozi yako ni safi: hakuna mdudu aliyeitafuna, unywele umekatiwa kazi kwenye shina lake. Siku kumi na mbili, kumi na tatu ulizohesabu ni zilezile nilizohesabu kwa kondoo wangu. Mnyama akibadilishiwa chakula ghafla, kwa kawaida manyoya huanza kuachia kati ya wiki ya kwanza na ya pili.

Mimosini haikugawanywa sawa kwenye mti. Jani lililokomaa lina asilimia chache tu ya uzito wake mkavu, lakini ncha changa zinazochipua zinaweza kufika asilimia 8 hadi 12. Na mbuzi anapoletewa tawi anaanza wapi? Anaanza na ncha. Ukikata mti uleule kila wiki kwa kuwa njaa imebana, unawalisha machipukizi matupu, yaani sehemu kali kuliko zote, bila kujua.

Koo la kitoto ni habari ya pili, na watu wengi huichanganya na ya kwanza. Mimosini ikifika kwenye tumbo la kucheulia, vijidudu vilivyomo huivunja. Hapo manyoya yanapona, lakini kinachotokana na kuvunjwa huko, kinachoitwa DHP kwa kifupi, kina ugomvi mwingine: kinaizuia tezi ya koo isitengeneze homoni zake. Tezi ikikosa kufanya kazi hujitanua, na huo ndio rovu. Mnyama huwa mzito, hula kidogo, hukonda hata hori likiwa limejaa. Mimba nayo hupata sehemu yake, kitoto huzaliwa kidogo na koo limevimba. Watu hukimbilia madini joto. Yape kwenye jiwe la chumvi kama kawaida, lakini usiyategemee kuponya, kwa sababu iodini haikupungua. Kilichozuiwa ni mlango wa kuitumia.

Manyoya yatarudi. Nakuambia kwa uhakika kwa sababu nimeyaona yakirudi kwa kondoo saba. Jike mkubwa atachukua muda zaidi.

Kwato Nne, sasa kwako. Mimosini kwa punda, farasi, nguruwe, sungura na kuku ni hatari kuliko kwa mbuzi na ng'ombe, kwa sababu hawa hawana tumbo la kucheulia lililotangulia mbele, lenye vijidudu vya kuivunja kabla haijaingia kwenye damu. Mkunjo wa kwato na singa za mkia kuisha ndiyo dalili yenyewe kwa punda. Ulifanya sawa kuwaondoa. Kuku huweza kupewa unga wa majani makavu kidogo sana, wengi husimama kwenye asilimia 5 ya chakula, na faida yake ni kiini cha yai kuwa cha njano iliyoiva. Punda mimi simpi kabisa.

Zizi la Mpakani aliandika:

Nakushukuru sana. Nimeacha tangu jana jioni. Wamelia usiku kucha wakiliangalia pipa la majani. Kitoto nimekiweka ndani kwenye sanduku lenye majani makavu, na mama yake anakamulika.

Ila bado nina woga. Kama jani lina vitu viwili vya kumdhuru mnyama, kwa nini nilirudishe tena? Si bora nipande kitu kingine?

Mama Ndama aliandika:

Samahani kuingilia. Mimi nina ng'ombe wa maziwa sita. Huu ni mwaka wa nne wanakula lusina karibu nusu ya chakula chao, na kuna miezi imezidi nusu. Sijaona unywele mmoja ukianguka. Ndama wanazaliwa wazima, hawana uvimbe. Kwa hiyo mimi nashindwa kuelewa. Tunazungumzia mti mmoja kweli?

Mkata Majani alijibu:

Mama Ndama, swali lako ndilo lililonipa usingizi mwepesi miaka ile, na jibu lake ni moja ya habari nzuri kuliko zote katika ufugaji. Ngoja niisimulie yote, itamjibu na mwenzetu.

Mti ni mmoja. Tofauti iko tumboni mwa mnyama.

Huko Australia wafugaji walipanda lusina wakitarajia makubwa, lakini ng'ombe wao walioishiba walikonda, homoni za tezi zikashuka, dalili zilezile. Wakati huohuo kule Hawaii mbuzi walikuwa wanaila kwa wingi na hawaumwi. Mtafiti mmoja wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, Raymond Jones, aliitazama tofauti hiyo na kukisia kwamba mbuzi wa Hawaii wana kijidudu tumboni ambacho wanyama wa Australia hawana, kijidudu kinachoivunja DHP hadi iishe kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji ya tumboni ya wanyama waliozoea yalihamishiwa kwa wanyama wa Australia waliokuwa wakidhurika. Wakaanza kuivunja DHP wenyewe. Na mnyama mmoja akishaipata, wenzake wanaolala naye na kula naye hori moja huipata pia, bila sindano wala bomba. Bakteria aliyetengwa kutoka kwenye maji hayo alipewa jina rasmi mwaka 1992, *Synergistes jonesii*, kwa heshima ya Jones.

Mimi nikisoma habari hiyo nilitoka nje nikawaangalia kondoo wangu waliokuwa wamebaki uchi, nikasema, basi tatizo halikuwa mti.

Kwa haki niongeze kwamba utafiti wa miaka ya karibuni umeifanya hadithi kuwa pana zaidi. Bakteria huyo ameonekana yupo, kwa idadi ndogo, katika matumbo ya wanyama wa nchi nyingi ambako hakuna aliyempeleka. Na ini nalo lina njia yake ya kuifunga DHP na kuitoa kwenye mkojo ikiwa haina makali. Kwa hiyo mnyama anayezoeshwa polepole hujenga kinga mbili: vijidudu vinaongezeka tumboni, na ini linajifunza kazi. Ng'ombe wako, Mama Ndama, nadhani walianza na kidogo wakapanda ngazi taratibu. Niambie kama nimekosea.

Mama Ndama aliandika:

Hujakosea. Mwaka wa kwanza miti ilikuwa michache, nilikuwa nawapa kiganja kimoja kimoja. Walikua pamoja na miti.

Mkata Majani aliandika:

Basi hilo ndilo lililowalinda. Mbuzi wa mwenzetu nao walianza kidogo mwaka jana, lakini walikula ile ya kitoweo tu, kisha nyasi zilipoisha wakarushwa juu ghafla, tena kwa machipukizi. Kijidudu kinaongezeka kadiri ya chakula chake. Ukimpa kazi ya watu mia wakati bado ni watu kumi, anashindwa.

Zizi la Mpakani, umeuliza kwa nini urudishe. Kwa sababu katika kiangazi hiki huna kitu kingine shambani chenye protini hiyo. Jani la lusina lina protini ghafi kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito mkavu. Nyasi iliyokauka ikisimama mara nyingi iko chini ya 7, na hapo vijidudu vya tumboni vyenyewe vinakosa chakula, mnyama anacheua mabua bila kuyavunja. Jani kidogo la lusina linawalisha vijidudu kwanza, kisha vijidudu vinayavunja mabua. Kwa hiyo faida yake si jani peke yake, ni mabua yako yaliyokuwa yanapotea bure. Tena jani hili halijazi gesi tumboni kama jamii nyingine za mikunde mibichi zinavyofanya, kwa sababu lina tanini kiasi, na tanini hizo hupitisha sehemu ya protini hadi kwenye utumbo mdogo bila kuharibiwa njiani. Mzizi wake unashuka chini kiasi kwamba nyasi zikiwa zimekufa juu yeye bado anakunywa. Ni mti uliokulisha mbuzi mwaka mzima uliopita ukapata maziwa. Haukubadilika. Kipimo ndicho kilichobadilika.

Nikupe hesabu yangu. Mbuzi wa kilo 30 hula chakula kikavu kama kilo moja kwa siku. Kwa mnyama ambaye sina hakika na tumbo lake, lusina haizidi theluthi moja, basi ni gramu 300 kavu. Jani bichi lina maji mengi, ukikausha kilo moja unabaki na gramu 300 hivi. Kwa hiyo ni kilo moja ya majani mabichi kwa mbuzi mmoja kwa siku, na vijiti usivihesabu. Pima kwa mizani mara ya kwanza, ufunge mzigo wa kilo moja kwa kamba, uutazame vizuri. Utashangaa ni mdogo kiasi gani. Mimi nilikuwa nawapa kondoo wangu mara tatu ya hapo nikiamini ninabana.

Ila usianze na kilo hiyo. Wiki mbili za kupumzika zikiisha, na uone wanachangamkia nyasi, anza na robo yake. Kaa hapo wiki nzima. Nusu wiki ya pili, robo tatu wiki ya tatu. Ukiona udenda au singa, rudi hatua moja nyuma ukae. Majike wenye mimba kubwa waache nyuma ya wote, hao wapewe nyasi bora uliyonayo.

Na badilisha ukataji. Usikate mti uleule kila wiki. Gawa mistari yako, kata fungu moja kwa kimo cha kama mita moja kutoka ardhini, kisha liache wiki nane hivi majani yakomae. Machipukizi madogo usiyaguse. Yakatwe asubuhi, yanyauke kivulini hadi jioni ndipo uwape. Kunyauka na kukauka hupunguza mimosini, ingawa hakuimalizi. Ukipata nafasi msimu majani yakiwa mengi, kausha kivulini, pukutisha, hifadhi kwenye magunia. Ndipo kiangazi kijacho hutakuwa na panga kila siku.

Mama Ndama, wewe wa maziwa: walishe baada ya kukamua, si kabla. Harufu ya jani hupita kwenye maziwa.

Mama Ndama aliandika:

Hilo nilijifunza kwa wateja wawili waliorudisha maziwa. Sasa nawapa baada tu ya kukamua jioni.

Mbegu Ngumu aliuliza:

Naomba nichomeke langu. Nimepanda lusina mara mbili. Mara ya kwanza katika mbegu mia zikaota saba. Mara ya pili ziliota, ila miche ilibaki na rangi ya njano mwaka mzima, na ncha zinajikunja na kuwa na unga mweupe unaonata, na vidudu vidogo sana vya kijani vinaruka ukigusa tawi. Nimejaribu majivu bila mafanikio.

Mkata Majani alijibu:

Hayo ni matatizo matatu tofauti, nitayapitia haraka.

Kuota: ganda la mbegu ya lusina halipitishi maji. Chemsha maji, epua yatulie kidogo yafike joto la digrii 80 hivi, tumbukiza mbegu dakika tatu hadi nne, umwage, uziweke kwenye maji baridi usiku kucha. Asubuhi zilizovimba ndizo za kupanda. Kama ni chache, kwangua ganda upande wa mviringo, si upande wenye kitovu, kwa tupa au jiwe.

Rangi ya njano: huenda mizizi haina vinundu vya kushika naitrojeni hewani. Lusina haikubali kila bakteria wa mikunde, ina wake. Chukua udongo wa chini ya lusina iliyokomaa na yenye afya, uchanganye kwenye shimo la mche. Lakini kama ardhi yako ina asidi nyingi au inatuamisha maji, hata udongo huo hautasaidia. Hapo mti huu haukufai, kubali mapema. Jambo jingine ni magugu. Mwaka wa kwanza lusina hukua polepole sana juu kwa sababu inajenga chini, na magugu huimeza. Palilia kama unavyopalilia mboga.

Vidudu: ni wafyonzaji wanaoitwa *Heteropsylla cubana*, wanapenda machipukizi ya lusina kuliko kitu kingine. Walionekana Hawaii mwaka 1984, ndani ya miaka michache wakavuka visiwa vya Pasifiki na kuingia Asia, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakafika Afrika. Watu wengi walioikatia tamaa lusina miaka ile waliikatia tamaa kwa sababu yao. Sikushauri kunyunyiza sumu kwenye jani ambalo mnyama atalila. Wakati wa mvua kidogo na joto kali huwa wanapungua wenyewe, na wapo wadudu wengine wanaowala. Ukitaka suluhisho la muda mrefu, tazama ukoo mzima. *Leucaena* si mti mmoja, ni jenasi yenye spishi zaidi ya 20. Tunayopanda wengi ni *Leucaena leucocephala*. Ndugu yake *Leucaena pallida* anawavumilia wafyonzaji hao, na huko Queensland, Australia, wamemzalisha na *leucocephala* wakapata aina iitwayo Redlands, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuwashinda. *Leucaena diversifolia* naye huvumilia baridi ya miinuko kuliko huyu wetu. Usinunue mbegu ukaambiwa tu "lusina". Uliza ni ipi.

Mwenye Bonde aliandika:

Nimesoma yote na sijaona mtu akisema kuhusu kusambaa. Chini ya shamba langu kuna bonde ambalo mtu wa juu alipanda mistari miwili miaka mingi iliyopita akaiacha. Leo bonde lote ni lusina, huwezi kupita, mimea ya asili imekufa chini yake. Umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa asili umeuweka mti huu kwenye orodha ya viumbe 100 wavamizi wabaya kuliko wote duniani. Mnapoushauri muuseme na huo upande.

Mkata Majani alijibu:

Una haki, na nilipaswa kulisema kabla ya hesabu za kilo. Asante.

*Leucocephala* hahitaji mti wa pili ili azae. Mmoja peke yake anajichavusha na kujaza makaka ya mbegu, na mbegu zikianguka hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri. Kwao, Mexico na Amerika ya Kati, ni mti wa kawaida kati ya miti mingine. Hata jina la Oaxaca, jimbo la Mexico, linatokana na jina la mti huu katika lugha ya Nahuatl. Ulipobebwa na meli za Wahispania hadi Ufilipino, na baadaye kila mahali penye joto, ulikuta ardhi isiyo na wapinzani wake.

Kwangu sheria ni moja, na siivunji hata nikiwa na homa: mti wa malisho hauruhusiwi kukomaza makaka. Ukiona maua meupe ya mviringo, ukataji umechelewa. Kata, lisha. Na usimpe mnyama makaka makavu, kwa sababu mbegu ngumu hupita tumboni nzima na kutoka kwenye samadi tayari kuota, kisha wewe mwenyewe unaisambaza shambani kwa toroli. Wala usipande ukingoni mwa mto au bonde. Mtu asiyeweza kuukata mara kwa mara mwaka mzima, asiupande. Hilo nalisema kwa moyo wote, na mimi ni mtu ninayeupenda.

Zizi la Mpakani aliandika, wiki saba baadaye:

Nimerudi na taarifa, maana nachukia mtu akisaidiwa kisha anapotea.

Kitoto kimeishi. Usiku wa tatu nilidhani kimekwisha, kilikuwa baridi hadi mdomoni, nikakiweka kifuani kwangu chini ya shuka hadi alfajiri. Daktari wa mifugo alikuja, nikamweleza kama ulivyoniagiza, akakubaliana. Uvimbe wa koo umepungua, haujaisha. Kinaruka na wenzake, ila kinachoka haraka kuliko wao.

Manyoya yameota kwa wote watano. Yalianza kama vumbi jeusi shingoni, sasa ni mafupi na laini kuliko ya zamani. Udenda uliisha ndani ya siku sita za kwanza. Nilianza na robo kama ulivyosema, nimepima kwa mizani, na kweli ule mzigo wa kilo moja ulinishtua. Mimi nilikuwa nawatupia mizigo minne ya namna hiyo kila mmoja. Sasa wako kwenye robo tatu, majike wawili wenye mimba wako kwenye robo. Mabua ambayo walikuwa wanayakanyaga sasa wanayamaliza.

Maswali mawili. Mkia wa jike mkubwa bado hauna singa, ni kipara tupu. Na fungu la tatu la mstari wa mpakani limetoa maua wiki hii, ila nilikuwa nimepanga kulikata baada ya wiki mbili ili majani yakomae zaidi. Nisubiri?

Mkata Majani alijibu:

Nimefurahi sana kwa kitoto. Huyo ukimkuza, usimweke kwenye mimba mapema, muache tezi yake ipate mwaka mzima.

Mkia upe miezi. Singa ni ndefu na hukua polepole kuliko manyoya ya mwili. Kondoo wangu mmoja alikaa karibu miezi mitano. Pitisha kidole pale kwenye ncha. Ukihisi mikwaruzo midogo kama ya kidevu kilichonyolewa jana, iko njiani.

Usisubiri wiki mbili. Kata kesho, na maua yote yashuke nayo.

Zizi la Mpakani aliandika:

Nimegusa. Mikwaruzo ipo.

Natia makali kwenye panga sasa hivi.